Kwa nini udongo wa kijani unakatika na bêche

Mu lupango moja ya Kolwezi, ku dirisha la nyumba ya mbele, muzee mmoja amepanga vipande vitatu vya jiwe. Ni vya mviringo, vinene kama mukono wa mutoto. Watoto wa jirani wanasema "kambo iko na makaroti ya mawe," na hawakosei, juu jina lake la kazi njo hilo: carotte. Ni jiwe lenye mashini ya kutoboa inatoa chini kwa kuzungusha bomba, mita kwa mita, wanalipanga mu makasha na kuandika namba. Muzee alibeba ile makasha nyuma ya ba-géologue miaka 22. Alipotoka ku kazi alibaki na vipande vitatu vyenye hakuna mutu aliyevitaka tena.

Cha kwanza kilitoka mita 14 chini. Ni kijani na kahawia, ukikifinya kinaacha unga ku vidole. Cha pili ni cha mita 58, cheusi-cheusi, na uzi mwembamba wa kijani umepita mu ufa wake. Cha tatu kilitoka mita 140. Ni cha rangi ya majivu, kigumu sana, kizito, na ndani yake kuna mistari ya vitu vidogo vinavyong'aa, vingine manjano kama zahabu, vingine zambarau kama shingo ya njiwa. Kijani hakuna hata kidogo.

"Hizi zote tatu ni jiwe moja," muzee anasema.

Mujukulu wake alikuwa amekaa pale ku kiti cha plastiki. Ni creuseur, miaka 24, na Jumapili ile alikuwa bado na matope nyekundu mu kucha. Alicheka.

"Kambo, hii ya tatu hata bure siwezi kubeba. Na kama njo jiwe moja, juu ya nini ya kwangu inakatika na bêche, na hii inavunja burin?"

Muzee hakujibu mara moja. Alichukua cha kwanza, akakitia mu sahani ya maji. Tukakunywa chai. Tulipoangalia tena, kilikuwa kimelala chini mu sahani, nusu jiwe, nusu matope.

Ulizo la kijana ni zuri kupita alivyofikiri. Jibu lake linaanza mbali sana, kwa hiyo tutafute kwanza kipimo cha muda. Tuseme mwaka moja ni millimètre moja. Mutu aliyeishi miaka 70 anapata sentimita 7, hakuna hata urefu wa kidole. Tangu Union Minière ilipoundwa mu 1906 mpaka leo, ni kama sentimita 12. Sasa, matope yenye ilizaa mawe ya Kolwezi ililala karibu miaka milioni 800 iliyopita. Kwa kipimo chetu ni kilomita 800: utoke Lubumbashi mpaka Kolwezi, urudi Lubumbashi, halafu uanze tena njia ile ile, upite Likasi, na bado hujafika.

Mwanzoni mwa ile njia, hapa kwetu kulikuwa maji ya chumvi, isiyokuwa na kina kirefu, mara inajaa mara inakauka. Hakukuwa samaki, hakukuwa hata jani la muti ku inchi kavu. Kulikuwa vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vikiishi pamoja kama utando wa utelezi juu ya jiwe la muto. Utando unashika matope, unakua juu, tabaka juu ya tabaka. Wazee wa mugoti wanaijua ile kazi bila kujua jina la fundi: njo ile jiwe yenye ba-géologue wa Union Minière waliita R.S.C., roches siliceuses cellulaires, yenye matundu-matundu kama mukate. Zamani ilikuwa dolomi, jiwe la jamii ya chokaa, lililojengwa na ile vidudu. Silika iliingia ikashika mahali pa sehemu kubwa ya dolomi. Nyuma maji ikala dolomi iliyobaki, ikaacha matundu. Kawaida R.S.C. haina shaba mingi, lakini mu matundu yake mara ingine cobalt nyeusi inajificha. Juu yake na chini yake njo kuna tabaka mbili za minerai zenye zililisha Katanga yote: chini R.S.F. na dolomi ya tabaka-tabaka, juu mwanzo wa S.D., ile shale ya dolomi.

Shaba yenyewe haikuzaliwa mu ile matope. Maji ya chumvi kali, ya moto, ilipita mu mawe ya chini zaidi, ikachota shaba na cobalt kidogo-kidogo, ikapanda. Ilipofika mu matope nyeusi yenye soufre, ile kiberiti ya harufu ya yai bovu, shaba ikashikamana nayo ikabaki pale. Kama ilifika mara moja ao mara mingi, ba-géologue bado wanabishana, tuwaache wabishane. Kitu cha kushika ni hiki: shaba ya Katanga ilizaliwa ikiwa imefungwa na soufre. Njo ile manjano na zambarau ya carotte ya tatu: kalkopiriti na borniti. Cobalt nayo ilifungwa vile vile, mu karoliti. Hakuna malakiti, hakuna kijani.

Kisha barafu ilipita. Ndiyo, barafu, huku kwetu: Grand Conglomérat, ile jiwe ya kokoto za kila aina zilizochanganywa kama béton mbaya, ni matope yenye barafu ilisukuma na kumwanga. Shaba ya Kamoa na Kakula imelala mu sehemu yake ya chini. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.

Karibu miaka milioni 550 iliyopita, inchi mbili kubwa zilisukumana, moja ya kusini, moja ya kaskazini. Tabaka zenye zilikuwa zimelala kama mablanketi zikakunjwa, zikapanda milima. Na kwa sababu kati yao kulikuwa chumvi, na chumvi ikifinywa inateleza kama sabuni, zilivunjika vipande-vipande vikapanda juu ya vingine. Wafaransa wanaiita écailles, magamba. Kipande kingine kina urefu wa kilomita, kingine mita mia. Ba-creuseur wanaijua hii habari kwa uchungu: unafuata filon wiki mbili, tajiri ameisha kukupa pesa ya chakula, halafu siku moja filon inakata kama kwa kisu, mbele ni udongo bure. Si uchawi, na si mwenzako alikuroga. Gamba limefika mwisho.

Baada ya pale, kwa sehemu kubwa ya njia yetu, milima ililiwa polepole na mvula na upepo mpaka ikabaki hivi vilima vya Kolwezi, Kambove, Fungurume. Mawe ya chini yakakaribia juu. Na mu miaka milioni chache za mwisho, kwa kipimo chetu ni kilomita chache za kuingia muji, njo kazi yenye inamuhusu mujukulu wa muzee ilifanyika.

Mvula ikianguka inashika gazi mu hewa, na ikipita mu udongo wenye mizizi inashika ingine mingi zaidi, ile gazi ya fanta. Inakuwa kali kidogo tu. Ulimi hauwezi kusikia. Inaingia mu nyufa. Inakutana na kalkopiriti. Hewa yenye imo mu maji inaunguza soufre polepole, bila moto, na soufre inageuka asidi, jamaa ya ile ya batri ya gari. Asidi inayeyusha shaba. Sasa maji ile ya shaba inateremka, inakutana na dolomi. Dolomi inaua asidi, kama vile chumvi ya ndizi ama bicarbonate inaua ukali wa mboga. Asidi ikikufa, shaba haiwezi tena kubaki mu maji. Inashika ile gazi, inashika maji, inakuwa jiwe mupya. Kijani. Malakiti.

Kwa hiyo malakiti ni kutu ya shaba, kama vile unaona ku bomba la zamani ao ku sanamu ya shaba iliyonyeshewa. Chuma nayo ilioza pale pale, ikabaki juu: njo wekundu wa udongo wetu wote na mawe nyekundu ya ku kichwa cha kilima. Cobalt ilitoka mu karoliti, ikawa heterojeniti nyeusi, na kwa sababu haipendi kusafiri mbali kama shaba, mara mingi inajaa karibu na juu. Shaba ingine haikukuta dolomi ya kutosha; iliteremka mpaka mu maji ya chini pasipo hewa, ikakuta soufre ingali mu jiwe, ikafungwa tena: njo weusi wa carotte ya pili, kalkosini. Jiwe safi la kalkopiriti lina shaba karibu 35 kwa mia, malakiti safi karibu 57, kalkosini safi karibu 80. (Safi, tunasema. Mufuko wako una udongo na jiwe bure ndani yake, usiende kugombana na négociant sababu ya gazeti.)

Hapa watu wengi wanafikiri wameelewa: kijani ni laini, manjano ni ngumu. Hapana. Ukikwangua malakiti na kalkopiriti kwa kisu, ugumu wao ni karibu moja. Chenye kilibadilika ni nyumba yenye wanakaa. Mu carotte ya tatu nyumba ni dolomi na silika, zimefungana kama ukuta wa sima. Mu carotte ya kwanza ile asidi ilikula dolomi yote. Vilivyobaki ni udongo laini, unga wa silika, kutu ya chuma, talc, na ile kijani mupya inayojaza nyufa. Ukuta umetolewa sima, matofali yamebaki yamesimama kwa mazoea.

"Umesikia?" muzee alimuuliza mujukulu wake. "Bêche yako inapita kwa sababu jiwe liliisha kuoza mbele ya weye kuzaliwa. Na chenye kinaacha bêche ipite, kinaacha na mulima ushuke."

Kijana alijibu kwa heshima, lakini hakukubali. "Kambo, kama si ile yenye kuoza, sisi tungekula nini? Ile ngumu ni ya bazungu na ba-Chinois na mashini yao."

Na ana haki. Mu ile yenye kuoza, mukono wa mutu unatosha, na asidi ya usine inatoa shaba yake bila kuisumbua. Jiwe la soufre linahitaji kusagwa, kuelea mu mapovu, kuchomwa. Wakubwa wetu wa zamani, Basanga na Bayeke, walijua vile vile: walichukua malakiti tu, wakaiyeyusha na makala mu tanuru ya udongo wa kichuguu, wakatoa misalaba ya shaba yenye ilitembea kama pesa mpaka mbali sana. Walitafuta vilima visivyo na miti, kwa sababu shaba mingi mu udongo inaua mizizi, na juu yake kunabaki majani mafupi na maua machache yenye yamezoea sumu. Kitu kimoja tu tuweke akilini: walichimba na kuyeyusha wakati wa ukavu, kisha mavuno. Mvula ikianza, walirudi ku mashamba.

Leo mashimo hayarudi ku shamba. Mufuko wa cobalt una bei Januari kama Agosti.

Sasa tufike ku jambo lenye muzee alitaka kusema tangu mwanzo, juu alisikia kitu Alhamisi na hakulala vizuri. Chini ya tabaka ya minerai kuna jiwe lenye wote mu Kolwezi wanaita R.A.T. Herufi zile ni roches argilo-talqueuses, mawe ya udongo na talc. Talc ni ile poudre yenye mama anapaka mutoto kisha kumuogesha. Ya juu ni ya majivu, ya chini ni lilas, nyekundu ya zambarau. Likiwa kavu unaweza kulipiga na massette ukasema ni ukuta mzuri. Likinywa maji, uso wake unakuwa sabuni. Na kwa sababu milima ilikunja na kupindua magamba, R.A.T. haikai chini siku zote kama mu kitabu. Pengine inasimama pembeni yako, pengine iko juu ya kichwa chako, na minerai nzito imelala juu ya sabuni.

Maji inafanya vitu viwili mara moja. Inateleza zile nyuso, na inaongeza uzito: udongo uliooza unakunywa kama sifongo. Ndiyo maana shimo lenye lilisimama tangu Mei linaweza kuanguka Novemba bila mutu kugusa kitu, na mara ingine halianguki siku ya mvula yenyewe, linaanguka kisha siku mbili, jua likiwaka, watu wakisema "imekauka." Maji ingali inateremka mu nyufa. Code minier ya 2002 iliandika kwamba creuseur asipite mita 30. Wengi wanaona ile namba kama mambo ya bureau. Lakini mu udongo wa carotte ya kwanza, uzito wa mita 30 juu ya galerie isiyo na mbao hauhitaji maneno mingi.

Tuliuliza muzee alama zenye yeye aliangalia mu miaka yake. Alisema ya kwanza ni ufa ku udongo wa juu, unaozunguka shimo kama mwezi wa siku tatu. Ukiuona, shimo limeisha kuanza kushuka, linabaki saa. Ya pili, maji yenye inatoka mu ukuta mahali ambapo jana pakavu, hata kama ni tone-tone. Ya tatu, punje ndogo zinazoanguka peke yake usiku kukiwa kimya. Kisha alitaja kosa lenye linamukasirisha kupita yote: remblai yenye watu wanamwanga palepale ku mudomo wa shimo kwa uvivu wa kubeba hatua 20. "Unapandisha mulima ingine juu ya mulima wenye kuoza," alisema.

Wamama wenye wanakaa Kasulo hawahitaji kuambiwa hii. Pale, mu 2014, watu walikuta heterojeniti chini ya quartier, na mashimo yakaingia mu malupango, mu vyumba hata. Ile jiwe nyeusi ilikuwa karibu na juu kwa sababu tuliyosema, cobalt haisafiri. Lakini ukuta wa nyumba umejengwa juu ya udongo ule ule uliooza. Ufa mupya ku pembe ya mulango, unaoanza chini na kupanda, ni habari ya chini inayofika nyumbani kwako.

Na neno moja kwa wenye wanaweka mifuko ndani ya nyumba. Mawe ya uranium nayo yanabadilika rangi kama shaba: chini ni nyeusi na nzito sana, juu maji inaigeuza manjano kali, machungwa, kijani ya limau. Shinkolobwe ilijulikana kwa zile rangi tangu 1915. Na heterojeniti ya Katanga mara ingine inabeba uranium kidogo ndani yake bila alama yoyote. Ni vizuri watoto wasilale ku chumba cha mifuko, na mikono ioshwe mbele ya kula bukari. Jiwe lenye manjano inayong'aa hivi, zuri vile, lisiwe mapambo ku meza.

Jua lilikuwa linashuka. Kijana alitoa mu mufuko wa suruali kitu kilichofungwa mu sachet. Alhamisi, équipe yake, watu sita, ilikuwa imefika mita 21 na kugeuka pembeni kufuata cobalt. Mama yake alimuambia muzee kwamba ukuta wa kushoto "ulibadilika rangi." Njo ile habari yenye ilikosesha muzee usingizi.

Muzee alifungua sachet. Kipande cha lilas, kikubwa kama yai. Alikitia mate, akakisugua kati ya kidole gumba na cha pili, akampa mujukulu wake afanye vile vile.

"Inateleza," kijana alisema.

"Iko chini ya minerai ao juu?"

Kijana alikawia kujibu. "Iko pembeni. Lakini inalalia kwetu."

"Mumeweka mbao ngapi?"

"Tatu. Tunangoja pesa ya mufuko wa kwanza tununue zingine."

Walibishana mpaka usiku, na hatukubaki mpaka mwisho. Kijana alihesabu: wiki tatu za kazi, deni ya chakula ku tajiri, wenzake watano ambao hawana kambo mwenye carotte. Muzee alisema wahamishe galerie mita chache, waingie kupitia R.S.C., ngumu ndiyo, polepole ndiyo, lakini inashika vizuri kupita lilas, mradi wapige-pige kwanza kusikia kama hakuna pango nyuma yake. Kijana alisema R.S.C. itakula burin mbili kwa siku, na nani atalipa burin.

Jumatatu mvula ilinyesha tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Tulimupigia simu mama yake. Alisema kijana yuko nyumbani, simu yake imelia mara tatu, ni wenzake, na hajaamua bado kama atashika. Yeye mama alikuwa anatoka kwenda kukopa unga ku jirani.